Betri Chini ya Kitanda

Jirani yetu Emiliana alisema kule Kongwa betri ya sola ililipuka ndani ya nyumba. Alisema jua lilijaa mno ndani yake. Bati likang'oka, na maji ya betri yakamrukia mama aliyekuwa akifagia.

“Uliona mwenyewe?” nilimuuliza.

“Shemeji yangu aliona!”

Usingizi ukanipotea. Betri yetu ilikuwa chini ya kitanda, na juu ya kitanda hicho alilala mwanangu Ruthu.

Tunaishi pembeni ya Dodoma. Nguzo za umeme bado hazijafika mtaani kwetu, lakini jua lipo tele. Mume wangu, Thomas, alifunga paneli mwenyewe juu ya bati. Betri akaiweka chumbani na kuifunika gunia, kwa kuogopa wezi.

Nilipomweleza maneno ya Emiliana, alicheka. “Huyo? Mbuzi akipiga chafya, yeye husema simba kaingia mtaani.”

Ila kila mchana nilikuwa naigusa ile betri. Jumamosi moja niliikuta ya moto. Ubavu wake umevimba. Chumba kinanuka kama yai viza. Ruthu amelala, anakohoa.

Nilimnyakua, nikatoka mbio. Nikampigia simu Wambura, fundi wa sola wa mtaa wa pili.

“Usiwashe kiberiti!” alisema. “Usiguse swichi wala waya. Acheni mlango wazi. Mwambie Thomas afunike paneli kwa blanketi, jua lisiipate. Nakuja.”

Thomas alichukua blanketi, akapanda juu ya bati.

Betri ilipopoa, Wambura aliitoa nje. Akafuata nyaya kwa macho. “Kontrola iko wapi?”

“Ndiyo nini?” Thomas aliuliza.

“Kifaa cha kuzuia chaji betri ikishajaa. Wewe umeunga moja kwa moja. Jua la Dodoma halijui kusema basi, ndugu yangu! Betri ikizidishiwa chaji, maji yake yanachemka, yanatoa gesi. Cheche moja tu, inalipuka. Na wewe umemlaza mtoto juu yake.”

Thomas alichutama kuitazama betri.

“Hii imevimba, haifai tena,” Wambura alisema.

“Na wezi je?” nikauliza.

“Kasha lenye matundu, mama, na kufuli. Likae barazani, mbali na jiko. Betri inataka hewa.”

Siku hiyohiyo alitufungia kontrola, fyuzi na betri nyingine. Jioni taa iliwaka vizuri. Niligusa betri, haikuwa na joto. Ruthu alikula ugali wote, hakukohoa.

Thomas hakula.

“Mama Ruthu,” alisema taratibu, “kwa mama, kule Kibakwe, nilifunga hivi hivi.”

“Mpigie!”

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Basi akaandika, nami nikasoma begani kwake:

“Mama, shikamoo. Leo usilale chumbani. Usiwashe moto humo. Kesho kabla jua halijatoka, mtu afunike paneli. Ninakuja. Ukiona ujumbe huu, nijibu, mama.”

Tulikaa chini ya taa, tukiitazama simu.