Viti vya Safu ya Pili

Kila Jumamosi Joanitha, mwanafunzi wa darasa la sita, humsaidia mama yake kuanika dagaa ufukweni Kibirizi. Jumamosi hiyo mama alimruhusu kuondoka mapema, kwa sababu saa tisa alasiri alitakiwa kumpeleka bibi yake, Bibi Agnesi, mjini Kigoma kutazama mchezo wa kuigiza.

Mchezo huo ulikuwa ukizungumzwa kila mahali. Ulimhusu baba mmoja aliyepanda treni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, asirudi tena. Baba yake Bibi naye aliondoka hivyohivyo. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake kipya tangu saa saba.

"Joanitha, twende. Tutachelewa."

"Bado kidogo, Bibi!" Joanitha alijibu. Alikuwa mbele ya kioo akifumua nywele na kuzisuka upya, huku akijipiga picha kwa simu ya mama.

Walipofika ukumbini, mchezo ulikuwa umeshaanza. Wakapata viti vya nyuma kabisa. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito, na alizoea Kiha kuliko Kiswahili.

"Amesema nini?" aliuliza mara kwa mara.

Joanitha alimweleza kwa sauti. Watu waligeuka. Kisha simu aliyokuwa nayo ikaita, muziki ukajaa ukumbini.

"Mama, kama husikii, si ungebaki nyumbani?" mwanamume mmoja alimfokea Bibi.

Bibi alisimama polepole, akatoka nje. Joanitha alimfuata.

Nyumbani, mama alishangaa. "Mbona mapema?"

"Maswali yangu yaliwakera watu," Bibi alisema. "Sirudi tena kule."

Joanitha aliinamisha kichwa, asiseme neno. Jioni aliacha chakula chake sahanini. Asubuhi hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mama, kosa ni langu," alisema mbele ya Bibi. "Mimi ndiye niliyetuchelewesha, na simu sikuizima. Naomba unisamehe, Bibi."

Bibi alijifunga kitenge chake, akatangulia kwenda ibadani.

Baada ya ibada, Joanitha alikwenda ukumbini. Alimkuta Walter, mzee anayepokea wageni mlangoni, akipanga viti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si binti wa jana?"

Joanitha alimweleza yote bila kuficha. Walter alivuta kiti, akamketisha.

"Leo ndiyo siku ya mwisho. Jana hamkuona hata nusu, kwa hiyo njooni. Mfike nusu saa kabla. Nitawawekea safu ya pili, mbali na wapiga ngoma, Bibi awaone waigizaji midomo. Apite chooni kwanza. Simu uizime, siyo kupunguza sauti tu. Na kabla hamjatoka nyumbani, msimulie kisa kwa Kiha, ili asihangaike na maneno. Mimi nitakusimulia mwanzo. Mwisho auone mwenyewe."

Nyumbani, Bibi alikataa mara mbili kurudi ukumbini. Lakini Joanitha alipoanza kumsimulia kuhusu yule baba, mkewe na binti yao mdogo, alisogeza kigoda karibu.

"Huyo binti alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Sita, Bibi."

"Kama mimi," Bibi alisema, akanyanyuka kutafuta viatu vyake.

Alasiri hiyo Bibi hakuuliza swali lolote. Treni ilipoondoka jukwaani na yule binti akabaki akipunga mkono, Bibi alimshika Joanitha mkono kwa nguvu. Mwishoni, binti aliyekwisha kuwa mtu mzima aliwasimulia wanawe habari za baba yake. Bibi alilia, kisha akapiga makofi mengi kuliko watu wote.

Nje, alikaa kwenye ngazi kupumzika.

"Nimekaa na jambo hili la baba yangu miaka mingi," alisema. "Leo nimeona si mimi peke yangu."

"Bibi, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Jana kuchelewa kuliniuma kidogo tu. Kilichoniuma zaidi ni kunyamaza kwako huku lawama ikiniangukia mimi. Ukikosea, sema mapema. Na ukimpeleka mtu mahali pa furaha, mfikirie yeye kabla hujajitazama mwenyewe. Hapo na wewe utafurahi."