Ukurasa wa Pampu

Kila Jumatano baada ya vipindi, Faidha alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao pale Masasi, akapangusa vumbi mezani, kisha akajiweka kwenye kiti cha mbele kama mkurugenzi. Wenzake walimwita Injinia, na jina lilimkaa vizuri kuliko sare.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha mwongozo wa Tunu, lugha ya kuandikia programu za kompyuta waliyojifunza shuleni. Toleo jipya la Tunu lilikuwa limetoka, na baadhi ya amri za zamani zilikuwa zimebadilika. Mwalimu Basil aliweka sharti moja: kila mfano ujaribiwe kwanza, ndipo chini ya ukurasa liandikwe neno "Nimejaribu" na jina la aliyejaribu. Shule rafiki ya Newala ilikuwa ikiusubiri mwongozo huohuo.

Siku hiyo ulibaki ukurasa wa pampu tu, wenye mfano wa programu ya kuwasha na kuzima pampu ya maji, na uwanjani netiboli ilikuwa imeshaanza.

"Injinia, pampu yenyewe iko wapi?" mwenzake Kelvin alimtania. "Au utapampu mate?"

"Pampu ya nini? Sisi tuna bomba."

"Mwalimu alisema tujaribu kwa taa badala ya pampu."

"Wewe nawe! Washa, subiri arobaini, zima. Hapo kuna cha kubadilika?"

Akaandika: Nimejaribu, Faidha. Akautuma mwongozo Newala, akakimbilia uwanjani.

Newala, kule juu, watu hawana masihara na maji. Shuleni huvuna maji ya mvua mabatini na kuyahifadhi kisimani, na hayo ndiyo ya kupikia na kunywa mpaka mvua nyingine. Anifa, binamu yake Faidha, ndiye aliyekabidhiwa pampu ya kisima hicho. Aliandika programu kama mwongozo ulivyosema, akaiwasha, akaenda zake darasani. Pipa la jikoni hujaa kwa sekunde arobaini, basi angekaa kulitazama la nini?

Lakini katika toleo jipya, amri ya "subiri" haikuhesabu tena sekunde. Ilihesabu dakika. Kipindi kilipokwisha, ua wa jikoni ulikuwa tope tupu, na kisimani limebaki tope la chini.

Habari zilipofika Masasi, Mwalimu Basil hakufoka. Aliuliza tu, "Ulijaribu?"

Faidha alitazama viatu vyake. "Hapana, mwalimu."

Safari hii aliunganisha taa, akajaribu mstari kwa mstari mpaka ikazimika inapotakiwa. Jumamosi mwalimu akapanda naye basi la Newala.

Waliwakuta wanafunzi wakiingia getini na ndoo kichwani, kila mmoja na maji ya kwao. Anifa alikuwa amenyang'anywa kazi ya pampu. Wenzake walimwita Mafuriko.

"Shikamoo, mwalimu," Anifa alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Faidha hakusalimiwa. Mbele ya mwalimu mkuu na wanafunzi wote, akasema kwamba kosa lilikuwa lake, si la Anifa. Mwalimu mkuu akamrudishia Anifa pampu. Maji hakuna aliyeweza kuyarudisha.

"Dada Anifa, nisamehe. Nimeshausahihisha ukurasa. Nimejaribu."

"Hata mara ile uliandika hivyohivyo."

Anifa aliunganisha taa, akaandika amri, akakaa akiikodolea macho. Taa ikazimika kwa wakati wake. Kisha akafuta jina la Faidha chini ya ukurasa, akaandika: Nimejaribu, Anifa.

Faidha alimgeukia mwalimu, machozi yakimlenga.

"Mwache," Mwalimu Basil alisema. "Anayesoma mwongozo hayuko karibu akuulize. Anakuamini tu, na akiumia, wewe uko uwanjani unacheza. Kabla hujaandika kwamba umejaribu, jaribu kwanza. Maji yatarudi mvua ikinyesha. Kuaminiwa kutachelewa zaidi. Sasa chukua ndoo, pipa la jikoni halina kitu."

Faidha akachukua ndoo, akaingia kwenye foleni nyuma ya Anifa. Anifa hakugeuka.