Kisigino cha Kushoto

"Kiatu kimefika," sauti ilisema sikioni mwake. "Mguu uko njiani. Dakika ishirini."

Sindano aligonga mara moja kifaa kilichofichwa nyuma ya sikio, kisha akaendelea kupiga viatu rangi.

Saa nne asubuhi. Ukumbi wa klabu ya gofu ulinukia nta ya sakafu. Ndani ya makabati ya vioo yalipangwa mavazi ya wanawake waliocheza gofu miaka sitini iliyopita: sketi za marinda, sweta za sufu, glavu zilizokatwa vidole. Na viatu. Jozi kumi na mbili, nyeupe kwa kahawia, zenye ulimi wa ngozi uliochanwachanwa kufunika kamba, na njumu za chuma chini ya soli.

Jozi moja ilificha memori kadi. Kadi ilibeba majina tisa ya majasusi waliokuwa kazini ughaibuni. Mnunuzi akiipata, hao tisa wasingemaliza wiki.

Mwaka jana liliuzwa jina moja tu.

La dada yake Sindano.

Muuzaji alisimama hatua sita kutoka kwake, akipangusa sweta kwa brashi laini. Bibi Njumu, mkusanyaji mashuhuri, mama wa watu, kipenzi cha magazeti.

"Fundi, taratibu na hivyo viatu," Bibi Njumu alisema. "Vimekuzidi umri wewe na mama yako."

"Usijali, mama. Kwetu ni watu wa viatu."

Hapo hakudanganya. Baba yao alikuwa fundi viatu, na mabinti wake wawili walikulia chini ya meza yake ya kazi.

Amri ya mkuu ilikuwa fupi. Chukua kadi. Mwanamke usimguse. Sindano alikubali kwa mdomo. Moyo ulikuwa na mambo yake, na bastola ya Walther iliyofungwa pajani chini ya ovaroli ilikuwa upande wa moyo.

Makao makuu walimpa kopo la rangi ya viatu ya Kiwi lenye kigunduzi cha chuma ndani yake. Kilitetemeka kwa kila kiatu. Njumu kumi na moja kila mguu, walitegemea nini? Wataalamu wale hawakuwahi kushika kiatu cha gofu maishani mwao.

Akaliweka kopo pembeni, akatumia macho.

Jozi ya kwanza, kila njumu ilizungukwa na duara la kutu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne.

Ya saba, kisigino cha kushoto: njumu mbili hazikuwa na kutu. Ngozi iliyozizunguka ilikuwa imekolea weusi. Akainusa.

Mafuta ya cherehani.

Bibi Njumu hakuvumilia kuzifungua zikiwa kavu. Alihofia kuharibu skrubu za kale. Mtu aliyeuza binadamu bila kupepesa macho alikuwa amekionea kiatu huruma, na huruma hiyo ikamponza.

Nje, Mercedes nyeusi iliegeshwa. Mguu ulikuwa umefika. Bibi Njumu alikwenda dirishani.

Ufunguo mdogo. Njumu ya kwanza. Ya pili. Kipande cha kisigino kikateleza. Kadi ikaingia kwenye soksi ya Sindano, kisigino kikafungwa.

Sekunde arobaini.

Wanaume watatu waliingia. Aliyetangulia, mnunuzi mwenyewe, hakusalimia mtu.

"Jozi ya saba," alisema.

Bibi Njumu aliitoa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kichanga.

"Nimemaliza, mama," Sindano alisema, akibeba sanduku lake. "Kazi njema."

"Asante, mwanangu."

Mwanangu! Sindano aliimeza hasira yake. Akatoka.

Kupitia kioo cha mlango aliona kisigino kikifunguliwa. Kitupu. Aliona uso wa Bibi Njumu ukisawijika, mkono wake ukinyooka kumwonyesha yeye. Mnunuzi hakugeuka hata kidogo. Alionekana mtu aliyekwisha sikia visingizio vya kila aina.

"Polisi wako tayari nyuma ya ukumbi," mkuu alisema sikioni. "Waingie?"

"Bado."

"Kuna nini?"

"Nafunga kamba za viatu."

Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Alichuchumaa, akazifungua, akaanza upya. Ndani, kioo cha kabati kilipasuka.

"Fundi!" sauti ya Bibi Njumu ilipaa. "Fundi, nisaidie! Wataniua!"

"Sindano! Nasikia kelele!"

"Umebaki mguu mmoja, mkuu."

Alidhani angejisikia vibaya. Hakujisikia vibaya hata chembe. Alimkumbuka dada yake akicheka, akakaza fundo, akavuta kamba ya mguu wa pili polepole, tundu kwa tundu.

Mlio mmoja wa bastola. Kisha kimya.

"Sasa waingie," alisema.

Akajifuta rangi mikononi, akakata uwanja kuelekea barabarani.