Kinusi na Furu Aliyefunga Mdomo

"Mayai yamemezwa," kilisema Kinusi. "Mshukiwa ni jike. Shaka, tisini na moja kwa mia."

Bi Kabula alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliacha kisu ndani ya sufuria, akakimbilia sebuleni huku mikono ikidondosha maji. Ndani ya tangi la kioo, furu jike, samaki wake mdogo wa ziwani, alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, mdomo umefungwa, kidevu kimevimba kidogo. Juu ya mchanga ambako Kinusi kilikuwa kimeripoti mayai asubuhi ile, hapakuwa na kitu.

"Mama gani wewe?" Kabula alimuuliza samaki.

Kinusi kilikuwa kidude cha ukubwa wa ndimu. Kimoja kilining'inia darini, pacha wake alielea kwenye tangi, na vyote viwili vilizungumza kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Havikuwa na macho. Vilinusa jasho, pumzi na maji, vikapima jinsi kiumbe anavyojizuia, halafu vikatoa hesabu ya shaka. Miaka hiyo Mwanza nzima ilikuwa navyo, madukani, maofisini, hata kwenye malango ya nyumba za ibada. Wezi walipungua. Wageni nao walipungua, lakini hilo halikutajwa kwenye matangazo.

Kabula alikuwa mmoja wa wahandisi walioviunda, na alivionea fahari hadi kustaafu. Mwaka uliopita, mezani kwake, Kinusi kilitangaza kwamba bintiye Minza ana mimba, kabla Minza mwenyewe hajamwambia mumewe. Kabula alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Alipiga simu kwa mashangazi wote, akasimulia habari ya mjukuu na ya mashine kwa pumzi moja.

Tangi lenyewe lilikuwa la kuungaunga. Wenye uwezo waliagiza matangi yanayojisafisha na kujilisha yenyewe. Pensheni ya Kabula haikufika huko. Alichukua vioo vya kabati la duka la maandazi lililofungwa, akaviunganisha kwa silikoni. Sifongo ya chujio aliikata kwenye godoro la Minza la utotoni, akaishindilia ndani ya chupa ya maji iliyotobolewa. Pampu ya hewa aliing'oa kwenye roboti-fagio lililokufa. Mawe aliokota nyuma ya nyumba, akayachemsha bila sabuni. Mchanga aliuosha na kuuosha tena, na maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo mpaka dawa ikaisha. Halafu akawasha pampu na kusubiri wiki kadhaa bila samaki hata mmoja.

"Maji gani haya yanayoivishwa kama maharage?" mumewe, Mzee Bundala, alimtania.

"Yanaota vijidudu vinavyokula uchafu, Baba Minza. Bila hivyo samaki watakufa kwa mkojo wao wenyewe."

"Kumbe hata wao hawahamii nyumba isiyo na choo!"

Walicheka siku ile. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Samaki walitoka kwenye kituo cha uzalishaji kilichofungwa kwa kukosa fedha. Walikuwa furu kaniki, weusi wenye mwanga wa buluu mgongoni, ambao ziwani hawakuonekana tena. Kituo kiliwagawa kwa raia waliokuwa tayari kuwatunza, na habari zilizorudi zilikuwa za vifo tu. Jike wa Kabula na dume wake ndio waliobaki. Asipozaa huyu jike, furu kaniki ndiyo basi tena. Na Kabula, kwa bidii yake yote, alikuwa amesoma mambo ya kioo, gundi na maji. Mambo ya samaki wenyewe alikiachia Kinusi. Kinusi kilikuwa kimefundishwa kwa samaki wa mapambo wa matajiri, wanaotaga juu ya jiwe na kuyaacha mayai hapo hapo.

Siku zilizofuata jike hakula. Chakula kilimpita mbele ya pua, akageuka.

"Hali chakula. Anajitenga. Amefunga mdomo," kilisema Kinusi. "Mwenendo wa mwenye hatia. Mtoe kabla hajameza mayai yajayo."

Kabula alisita. Kumtoa maana yake ni kumweka peke yake kwenye ndoo, na ndooni samaki huyu angeweza kufa. Akaendelea kumchungulia, na kadiri alivyomchungulia ndivyo alivyomchukia.

Wiki hiyo hiyo, Kinusi cha darini kikaanza habari nyingine.

"Bundala hali chakula cha mchana. Bundala anatoka na chupa ya uji. Akiulizwa, anafunga mdomo. Shaka, themanini na mbili."

"Unakwenda wapi kila mchana, Baba Minza?"

"Natembea tembea tu. Miguu inakufa ganzi."

"Na uji?"

"Uji ni uji, Mama Minza. Mtu hawezi kunywa uji?"

Hakumtazama usoni. Aliporudi jioni, Kinusi kilimnusa tangu mlangoni. "Harufu ya nyumba nyingine. Mafuta ya mwanamke. Mfukoni, udongo wa kutafuna."

Kabula alikaa kwenye kiti. Udongo ule wanautafuna wenye mimba. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, ana msichana mahali, na msichana ana mimba! Usiku ule walilala wamepeana migongo. Wivu ulimtafuna Kabula, na aibu pia, maana alijiona mashangazi wakipokea habari hii kama walivyopokea ile ya kwanza.

Kesho yake mchana Bundala alipita sebuleni na chupa yake. Alimkuta mkewe amepanda kigoda kando ya tangi, mkononi wavu alioushona kwa kipande cha chandarua.

"Leo hutoki," alisema Kabula. "Leo kila mtu humu ndani atafungua mdomo. Naanza na huyu, kisha wewe."

"Mwache samaki, Mama Minza. Amekukosea nini?"

"Amekula watoto wake! Na wewe umeniletea wa nje!"

Akazamisha wavu, akamkumba jike nyuma ya jiwe na kumwinua. Samaki alijipinda mara mbili. Halafu akafungua mdomo.

Vikamwagika vitu vidogo vya rangi ya chungwa, vingine kwenye wavu, vingine ndani ya maji, vikizama polepole. Kabula alisogeza uso. Kila kimoja kilikuwa na mkia unaotikisika na vijicho viwili vyeusi. Walikuwa hai. Wiki nzima jike alikuwa amewabeba mdomoni, na ndiyo maana hakula.

"Mshukiwa amekiri," kilisema Kinusi.

Kabula alizamisha wavu wote, akauacha uelee, samaki akatoka mwenyewe.

"Mshukiwa wa pili anakaribia kusema," Kinusi kiliendelea. "Usimwachie."

Kweli, Bundala alikuwa amesimama na chupa kifuani, macho yamelowa. "Mama Minza," alisema, "jambo hili si langu. Niliapa. Lakini kama ni kuvunja nyumba, basi acha niseme..."

Kabula alitazama ile chupa. Uji wa ulezi, udongo, mafuta ya mwanamke. Akamkumbuka Minza akiwa mezani mwaka jana, kijiko kimeganda hewani, huku yeye mama mtu akipiga vigelegele. Mimba ile haikukaa. Mashangazi wale wale walirudi mmoja mmoja kumpa pole, na kila pole Minza aliipokea kama kofi. Tangu hapo hakukanyaga tena nyumba hii. Akipigiwa, kazi nyingi. Mara moja tu, kwenye simu, aliuliza, "Mama, kile kitu chako bado kinaning'inia?" Na yeye alijibu kwa majivuno kwamba kinaning'inia, tena siku hizi viko viwili.

"Usiseme," Kabula alimwambia mumewe. "Baba Minza, nakuomba. Usinifungulie mdomo."

Alishuka kigodani. Aling'oa Kinusi cha darini, akatoa cha majini, akavifungia vyote kwenye debe la unga na kukaza kifuniko. Kisha akavua khanga ya juu, akafunika tangi. Kama jike angewaokota watoto wake au la, hakuna mashine ya kumwambia. Alitamani sana kuchungulia. Hakuchungulia.

Siku iliyofuata aliamka akakoroga uji yeye mwenyewe, wa ulezi, laini, sukari kidogo, kama Minza anavyopenda. Akaukamulia ndimu, akajaza chupa na kumkabidhi mumewe. Hakuuliza anakwenda kwa nani.

Bundala alirudi jioni, chupa tupu. Akaiweka mezani, akakohoa.

"Nimetumwa," alisema. "Nimeambiwa kesho uongeze ndimu."

Kabula aliichukua ile chupa, akaenda kuiosha, na alikaa jikoni muda mrefu kuliko chupa moja inavyohitaji.