Ng'ombe wa Jasson katika Nyika

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Kyarisiima alipita njia ileile: ukingo wa migomba, uwanja wa kanisa, kisha banda la gemu la Adelard pale Bugene, Karagwe. Zamani aliingia mbio akimtafuta kaka yake, Jasson. Tangu alipofariki kwa homa mwezi wa nne, aliingia polepole na kuketi mwisho wa benchi, karibu na simu za watu zilizokuwa zikichajiwa. Hakucheza, alitazama tu. Wenzake hawakumfukuza, lakini hawakumwita pia. Hawakujua wamwambie nini mtu aliyefiwa, kwa hiyo kati yao na yeye palibaki nafasi ya mtu mmoja.

Gemu iliyopendwa na wote ilimhusu mpanda farasi anayezunguka nchi kubwa apendavyo. Ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini watoto waliiita Nyika. Ungeweza kupigana na majambazi, kutafuta dhahabu, au kupeleka ng'ombe stesheni wakauzwe. Jasson hakufanya hata kimoja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita aliyechunga ng'ombe wa baba yake tangu utoto, na ndani ya Nyika aliendelea kuchunga. Aliwakusanya waliotawanyika, akawanywesha mtoni, akawaingiza zizini. Pembeni mwa skrini palikuwa na tarakimu iliyoonyesha idadi ya ng'ombe. Jasson alikuwa akiifunika kwa kipande cha plasta, maana nyumbani kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Hutazamwa mmoja mmoja mpaka moyo utulie.

"Jasson, huu mwezi wa tatu uko hatua ya kwanza!" wenzake walimcheka.

"Nyinyi mnapigana tu," alijibu. "Wangu wameshiba."

Ijumaa moja, Adelard alisimama mbele ya skrini. Watoto walimwita Baba Therese, kwa jina la binti yake mkubwa.

"Nyika ya pili nimeipata," alisema. "Lakini mashine imejaa. Nikiiweka, ya kwanza itabidi niifute kesho saa nane, na safari zote mlizohifadhi humo zitapotea. Mnasemaje?"

"Ifute, Baba Therese," alisema Egbert, mwanafunzi wa darasa la sita kama Kyarisiima. Alikuwa ameicheza ya pili kwa binamu yake huko Bukoba, na wiki nzima hakuzungumza jambo jingine. "Ya pili ni kubwa mara tatu. Hata farasi anatoka jasho. Ile ya kwanza ni ya wachunga ng'ombe."

Wote wakacheka. Kisha Egbert akageuka. "Eti Kyarisiima? Njoo ukae huku. Wewe unaonaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kumwita akae naye. Kyarisiima alisogea. Benchi lilikuwa na joto la wenzake.

"Ya pili ni nzuri zaidi," alisema. "Nimeshaicheza."

"Kuna mwenye safari yake anayeitaka humu?" Adelard aliuliza. "Naona moja imeandikwa Bihogo. Ya nani?"

Watoto wakatazamana. Kyarisiima aliijua. Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa nyumbani kwao, na Jasson alilitumia jina hilo kwa safari yake. Alitazama miguu yake. Akisema, wangecheka tena, na nafasi ile ya mtu mmoja ingerudi.

"Haina mwenyewe," alisema Egbert. Kyarisiima akanyamaza.

Jioni ile ng'ombe walirudi na vumbi lao. Mama alisimama langoni, akawapitishia macho, kisha akauliza kama alivyouliza kila siku, "Wote wapo?"

Zamani Jasson ndiye aliyejibu. Sasa swali lilibaki hewani mpaka baba akohoe na kufunga lango. Kyarisiima alikula ndizi matonge mawili, akasema ameshiba.

Jumamosi aliamka akiwa na jambo moja tu moyoni. Alifua, akateka maji, na saa saba akashika njia. Alipofika, banda lilikuwa limejaa na Adelard tayari ameshika vibonyezo vya mashine.

"Shikamoo, Baba Therese. Naomba usifute."

"Marahaba. Si jana ulisema ya pili ni bora?"

"Nilidanganya. Ya pili sijawahi kuicheza. Na Bihogo ni safari ya marehemu kaka yangu. Nilijua, nikanyamaza."

Simu moja ililia kwenye chaji, hakuna aliyeipokea.

Adelard aliweka vibonyezo chini. Akachomeka diski nyingine. "Sitafuta kitu sasa. Diski hii ya binti yangu ina ya pili, lakini ataichukua jioni. Kaa hapa, uicheze. Kisha utuambie ukweli, hata kama ni mchungu kwako."

Kyarisiima alicheza. Hakutaka kuipenda, lakini milima ilikuwa mirefu na ukungu ulishuka mabondeni kama ule wa asubuhi za Karagwe. Mvua ililowesha kofia ya mpanda farasi. Mbali kidogo akaona ng'ombe. Akawakusanya taratibu kama Jasson, akawafikisha mtoni, akageuka kutafuta njia ya zizi. Alipotazama tena, mto ulikuwa mtupu.

"Wameenda wapi?"

"Wanapotea ukigeuka," alisema Egbert kwa sauti ndogo. "Ni mapambo tu."

"Ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza," Kyarisiima alisema. "Milima yake, mvua yake, farasi wake. Sasa nasema kwa kuwa nimeona. Lakini ya kwanza ukiacha ng'ombe, unawakuta."

Adelard akafungua safari ya Bihogo. Zizi likatokea, na ng'ombe wote wamesimama ndani, vilevile Jasson alivyowaacha.

"Wako wangapi?" Egbert aliuliza. Mara akanyoosha kiganja chake mwenyewe, akaifunika ile tarakimu pembeni. "Samahani. Tazama tu."

Kyarisiima aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, na machozi yalipomtoka, Egbert hakusogea mbali.

"Nitafuta ile gemu ya mpira ya zamani," alisema Adelard. "Sikiliza, mwanangu. Jana ulisema walichosema wenzako, na nusura nifute kitu nisichoweza kukirudisha. Hakuna ambaye angekulaumu, maana hakuna aliyejua. Ungebaki nalo peke yako. Upweke wa kusema kweli mbele ya watu ni wa dakika chache. Wa kuficha ni wa siku nyingi. Nanyi wengine, mwenzenu akifiwa, msimwachie benchi. Kaeni naye."

Jioni Mama alisimama langoni. Ng'ombe walipita, Bihogo nyuma kabisa, kama kawaida yake.

"Wote wapo?"

Kyarisiima aliwatazama mpaka wa mwisho.

"Wapo, Mama," alijibu, kisha akamsaidia baba kufunga lango.