Theluji ya Sabuni

Ardis alikuwa anatandika kitanda aliposikia mumewe akiimba bafuni. Hilo peke yake si neno. Orrin Hale aliishi kwa kuimba, na asubuhi kooni mwake kulikuwa na wimbo kama ambavyo kwa wengine kuna makohozi. Akasukuma mlango kumwambia kahawa imeiva. Alimkuta ameinama kwenye sinki, mswaki mdomoni, povu linamchuruzika kidevuni. Wimbo haukukatika. Ulimaliza ubeti wake taratibu, ukashusha pumzi, ndipo Orrin akatema.

"Kahawa?" akauliza.

"Imeiva," Ardis alisema.

Akarudi kukunja pembe za shuka. Alijua alipaswa kuogopa, akajitafuta ndani kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo, asione kitu.

Kule Minnesota alikozaliwa Orrin, kaka zake walizoea kusema anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha ng'ombe. Walicheka sana, lakini dunia ilikuwa imechoka na makelele, ikamtaka huyo huyo. Alianzia kwaya ya Walutheri, akaingia redioni kwenye kipindi cha wakulima cha saa sita mchana, katikati ya bei ya nguruwe na habari za mvua. Zikafuata sahani za santuri, kisha televisheni, na lile sweta la vifungo na kile kigoda kirefu ambacho nusu ya Marekani ilikijua. Mwaka huo wa 1964 hukuweza kung'oa jino wala kupanda lifti bila Orrin Hale kukubembeleza kutoka kwenye spika ya darini. Hakuna aliyenunua wimbo wake ili alie. Watu waliununua ili wapumzike, na si dhambi.

Walikuwa na mtoto mmoja, Marit, wa miaka tisa. Alikufa maji Jumamosi tarehe sita Juni, katika bwawa la kuogelea lililo nyuma ya nyumba yao huko California. Jumatatu wakamzika. Majirani walileta mabakuli ya tambi na viazi vya kuoka, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini ili lirudishwe, wakasema amepumzika. Mchungaji akashauri wasichokonoe kidonda. Daktari akatoa vidonge. Basi mume na mke, bila hata kuambizana, wakaacha kulitaja jina la mtoto. Watu wa kwao ndivyo walivyo: mmoja akivunjika mguu atakuambia unamsumbua kidogo.

Na Ardis alikuwa na lake. Siku ile alikuwa amebeba nguo za kuanika, mikono imejaa, akaegemeza geti la uzio wa bwawa kwa kapu tupu lisijifunge. Simu ikalia. Dada yake, umbea wa dakika ishirini. Aliporudi na kuona kilichomo majini, jambo la kwanza alilofanya, kabla hajamrukia mwanawe, ni kuliondoa lile kapu. Polisi waliandika kwamba mtoto alipanda uzio. Orrin aliamini hivyo. Ardis aliamini kwamba siku Orrin atakapojua, atamtazama mara moja tu, kisha hatamtazama tena maisha yake yote.

Alhamisi ya wiki ile ile ya maziko Orrin alikuwa na onyesho la mchana. Alimsimulia Ardis mambo ya siku hiyo mezani, huku anakata nyama.

"Sauti iligoma. Nikijaribu, inatoka kama bawaba yenye kutu. Nikakiambia kile kioo cha chumba cha kuvalia, chukua. Chochote kinachoniuma, chukua, niachie kuimba tu."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Sijui. Kioo." Akatafuna. "Kikachukua."

Aliimba siku hiyo kama hajawahi. Magazeti yalisema sauti haina hata kunyanzi. Wanawake walitoka ukumbini nyuso zimelegea kama za watoto walioshiba, na mmoja wao akapita mlangoni akamwacha mume wake kwenye kiti, akaenda nyumbani, asikumbuke kwamba alikuja na mtu. Watu walilicheka hilo. Ile santuri mpya ikauzwa kama mkate.

Julai sauti ikaanza kutembea. Ardis aliisikia kwenye kibanda cha pampu ilhali Orrin yuko sebuleni anasoma gazeti. Aliisikia ndani ya kabati la sahani. Ilikuja na harufu ya pipi za asali na ndimu, zile alizomung'unya Orrin kabla ya kupanda jukwaani, na harufu hiyo ilikolea zaidi kwenye chumba cha mtoto, saa nne asubuhi, jua linawaka dirishani. Haikutisha watu kwa ukelele. Ilikuwa inabembeleza. Ikianza, kifua cha Ardis kinalegea, mikono inalegea, na mara nyingine alijikuta amesimama uani na mpira wa maji, bustani imekuwa tope, asijue amesimama hapo tangu lini.

Siku moja akawa anawaza jino. Marit alikuwa na jino la mbele lililomeguka kwa kuanguka na baiskeli. La kushoto au la kulia? Ardis akakaa kitandani kwa mtoto akalitafuta, akaliona limemponyoka. Hapo ndipo hofu ilipompata, hofu halisi, ya kwanza tangu Juni. Akaelewa kwamba kile kitu hakichukui uchungu peke yake. Kinachukua uchungu pamoja na mwenye kuliliwa, na kikimaliza hapo, Marit atakuwa hajawahi kuzaliwa na yeyote.

Akateremka mbio. "Orrin, lile jino. Lilikuwa upande gani?"

Orrin akafikiri kwa adabu. "Mtoto yule alikuwa na meno mazuri," akasema, kama anasifu mtoto wa jirani.

Ndipo Ardis akampigia simu Shangazi Borghild.

Alikuja kwa treni kutoka Minnesota na sanduku lililofungwa mkanda wa suruali. Ni shangazi wa damu wa Orrin, mwenye miaka sabini na kitu. Kwao ndiye aliyeosha maiti, na ng'ombe wakikataa kutoa maziwa bila sababu ndiye aliyeitwa, ingawa Jumapili kanisani kila mtu alijifanya hajui. Alikaa jikoni akamtazama mpwa wake akila mayai. Kutoka kibanda cha pampu wimbo ukaja, laini, na mdomo wa Orrin umejaa mayai. Shangazi akasubiri mpaka Orrin alipotoka.

"Muda gani sasa?"

"Tangu tumzike."

"Mmelia?"

"Shangazi, unatujua."

"Nawajua, ndiyo maana nauliza." Kizee akashusha sauti. "Hilo ni jini la nyumba iliyofunga mdomo. Halifukuzwi kwa kelele wala kwa maji ya mchungaji. Kifo kinatakiwa kisemwe mbele yake, chote, tangu asubuhi mpaka jeneza, Orrin akiwa amefungua kinywa na lenyewe likiwa linaimba. Hapa linaimba bila yeye. Ataimba lini?"

"Jumanne. Studio. Wanapiga picha za kipindi cha Krismasi."

"Agosti hii?"

"Kila mwaka ni Agosti."

"Ninyi watu wa televisheni," Borghild alisema, "mnazaa kabla ya mimba." Kisha akamshika mkono. "Utasema wewe, mama mtu. Na usibakize. Ukificha hata ukucha, litapata pa kushika."

Ardis akavuta mkono wake akaenda kuosha sahani.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu hiyo Krismasi. Nyimbo zilirekodiwa Mei. Siku ya kupiga picha, mwimbaji hufungua mdomo tu kufuatisha kanda. Na katika ile kanda ya Mei Marit aliimba ubeti mzima peke yake. Bwana Pruitt, mtayarishaji, alikuja mwenyewe nyumbani kuwaeleza, kofia mkononi.

"Tumepata msichana wa kimo chake. Tutampiga kwa nyuma, sweta jekundu. Sauti tunayo tayari, ni nzuri mno kuitupa. Lakini mkisema hapana, ni hapana."

"Ni wazo zuri," Orrin alisema.

Jumanne, nje joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya lami. Ndani walikuwa wamejenga sebule yenye meko ya uongo, na feni kubwa zilipuliza vipande vya sabuni, vikashuka kama theluji juu ya sweta la Orrin na juu ya yule msichana wa kukodi, aliyekaa miguuni pake ameipa kamera kisogo. Kila kitu kilinuka kama siku ya kufua. Shangazi Borghild alikaa nyuma ya kamera, mkoba mapajani, kama yuko kituoni anangoja treni.

Kanda ikaanza. Orrin akafungua mdomo. Katikati ya ubeti wa kwanza msichana akapiga chafya kwa sababu ya sabuni, Bwana Pruitt akainua mkono, fundi akazima mashine.

Wimbo ukaendelea.

Fundi akatazama magurudumu ya kanda, yamesimama kimya, akayagusa kwa kidole, akang'oa waya wa umeme ukutani akaushika mkononi akiutazama, na sauti bado ikashuka kutoka kwenye taa na kutoka kwenye meko yasiyo na moto na kutoka kwenye kinywa cha Orrin kilichoachama bila koo kucheza, na harufu ya asali na ndimu ikaifunika harufu ya sabuni, na mmoja mmoja wale watu, fundi, wapiga picha, mama wa kupaka poda na brashi yake, wakalegea nyuso na kuinamisha vichwa upande, mpaka pale palipobaki wawili tu wenye macho makavu na yaliyo wazi, Ardis na kizee, ubeti wa pili ukaanza, na ulikuwa ubeti wa Marit, kwa sauti yake mwenyewe yenye mafua ya Mei, karibu kiasi kwamba Ardis alisikia mtoto akivuta pumzi kabla ya kila mstari, na wimbo ukamtaka aketi chini kwenye theluji asikilize, basi, asikilize tu, milele.

"Sasa," Borghild alinong'ona.

Ardis akaingia kwenye theluji. Ilikuwa inateleza. Akasimama mbele ya mumewe.

"Orrin. Marit amekufa. Alikufa Jumamosi, tarehe sita Juni. Alivaa nguo ya kuogelea ya manjano, ile iliyombana mabega, nilikuwa nimemwahidi nyingine."

Sauti ikayumba, kama kanda iliyokunjamana.

"Wewe ulikuwa kwenye piano. Ulisikia maji ukadhani anacheza. Ulinyanyuka kufunga dirisha upate kuimba vizuri. Nakujua, hilo umelificha, hujaniambia. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimvuta kwa nywele, mkono ulikuwa unateleza. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Jino lake lililomeguka ni la kushoto, nililiona, la kushoto, Orrin."

Koo la Orrin likacheza. Kikatoka kitu kibaya, kikavu, cha bawaba. Sauti ya mtoto ikaanza kupungua juu ya taa, na macho ya Orrin, yaliyokuwa ya kioo kwa miezi miwili, yakajaa maji, yakamwona mkewe. Alimtazama kwa upendo wote aliokuwa nao. Ardis alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kutazamwa hivyo.

"Aliingiaje pale?" Borghild alisema kwa chini, nyuma yake. "Sema alivyoingia, mwanangu."

Ardis akafungua mdomo. Macho ya mumewe hayakubanduka usoni pake.

"Alipanda uzio," akasema.

Wimbo ukakatika papo hapo. Orrin akaanguka magotini na kulia, kwa sauti mbaya, ya shamba, ya mtu ambaye hataimba tena kwa malipo. Akalitaja jina, akalirudia, akaifinyanga sabuni kwa vidole. Watu wakazinduka wakiulizana nini. Bwana Pruitt akavua kofia. Msichana wa kukodi akaanza kulia naye, kwa vile mtu mzima analia.

Ardis alikuwa amesimama. Kinywani mwake mlikuwa na ladha ya asali na ndimu. Ilikuwa tamu, na ilikuwa imemjia kama mtu anapovua kiatu kilichombana siku nzima. Kikalegea hiki, kikalegea kile, mpaka kifuani pakawa wazi, pamefagiliwa.

Shangazi Borghild alimfikia, akamshika kidevu, akamchungulia machoni. Uso wa kizee ukabadilika.

"Ardis. Kuna kitu umekibakiza. Kiseme. Kiseme sasa hivi, kabla hakijafunga."

Na Ardis alijaribu, asingiziwe kwamba hakujaribu. Alijitafuta kwa uaminifu. Akaona kapu la nguo, tupu, limeegemea geti fulani juani. Lilikuwa kapu zuri, la ukindu. Hakuona lilimhusu nani.

Akapiga magoti kando ya mumewe, akamfuta sabuni begani, akampapasa mgongo kwa mpigo wa taratibu.

"Basi, mpenzi, basi. Utajiumiza koo," akasema. "Huyo Marit ni nani?"

Aliuliza kwa upole wote, kama mwenyeji anayetaka kulijua jina la mgeni ili amkaribishe vizuri.