Chura wa Kompyuta Namba Nne

Na shati la alizeti, jamani! Alizeti kubwa kubwa, za njano, kama sahani! Nani huvaa shati kama lile siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, duka la intaneti limefurika mpaka watu wanapumuliana visogoni?

Yeye alivaa. Akasimama mbele ya binti wa duka anatweta, kompyuta yake mwenyewe imemfia mkononi.

"Dada, nisaidie mashine. Yoyote."

"Zimejaa, kaka. Labda ukae juu ya printa."

"Nitakaa, mradi isinichape."

Binti akacheka hadi kitambaa chake cha kijani kikamteleza kichwani. Binti huyu, msomi wa chuo kabisa, watu walimwita Futa. Duka ni la shangazi yake, na shangazi alikuwa na sheria moja: jioni kabla ya kufunga, kila kompyuta ya wateja ifutwe kioo, ifutwe kibodi, na brauza, kile kidirisha cha intaneti, isafishwe kumbukumbu zote, asije mtu akakuta siri ya mwenzake. Futa alifuta kwa moyo. Ukiweka kikombe ukageuka kupiga chafya, umekikuta kimeoshwa.

Kompyuta namba nne ikapatikana. Alizeti, ndiyo jina alilopewa pale dukani, akakaa. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, ingawa kompyuta yake ilishapona zamani. Maneno yakawa mengi, kicheko kikawa kingi, simu zikaanza. "Umekula, malkia wangu?" "Nimekula, bustani yangu." Wagonjwa kabisa!

Kazi ya Alizeti ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Siku moja akainama kwenye namba nne, masikio yamemwiva.

"Nimekutengenezea mchezo. Mdogo tu. Hupakui kitu, unafungua brauza, huyo unaingia."

Kwenye kioo, chura mwenye kofia nyekundu aliamka kitandani. Juu kabisa, karibu na dari, palikuwa na mlango asioufikia. Akitoka anazurura mapangoni, na kila akiokota kito anapata uwezo mpya: kuruka tena akiwa hewani, kunata ukutani kama mjusi, kupiga mbizi.

"Na ule mlango wa juu?"

"Chumba cha mwisho. Ukishapata uwezo wote unarudi ulikoanzia, unapanda. Fika, mpenzi, halafu unijibu."

"Nikujibu nini?"

"Wewe fika."

Futa akacheza. Wateja wakipungua tu, yuko na chura wake. Jioni anasafisha mashine kama kawaida. Asubuhi akifungua, chura huyo kitandani, hana uwezo wowote, anaruka kama mwenye goti bovu.

"Mchezo gani huu wa kuzaliwa upya kila siku!" alinung'unika. Lakini kumwambia mwenyewe? Msomi mzima ashindwe na chura? Akameza aibu yake.

Mpaka Alizeti alipopiga simu.

"Hivi... umefika chumba cha mwisho?"

"Mbona zamani!"

"Na... umeona?"

"Nimeona. Pazuri. Rangi zimetulia."

"Basi? Huna neno lingine?"

"Ningependa chura avae viatu."

Simu ikakatwa. Na shati la alizeti halikuonekana tena pale dukani. Akipigiwa hapokei. Futa akavimba uso. "Kisa viatu! Mwanaume mzima ananuna kwa viatu vya chura!" Alisugua kibodi mpaka herufi zikaanza kupauka, na machozi akasingizia vumbi. Kweli alimpenda, na sasa alimwona anaondoka, naye mwenyewe hajui hata amekosa nini.

Ndipo mchana mmoja shangazi akapiga yowe mezani kwake.

"Yuuu! Nimeposwa!"

Kumbe mama wa watu aliuonea wivu mchezo wa binti, akaucheza siku nyingi kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo haisafishwi na mtu, maana mwenye sheria hajifungi nayo. Futa akakimbia kuangalia. Kwenye kioo, chura wa kofia nyekundu alisimama na mwenzake wa kitambaa cha kijani. Juu yao: *Nimekutafuta mapango yote. Utakubali nikuoe?* Chini, mawe mawili: NDIYO na HAPANA.

"Shangazi, hujagusa kitu?"

"Nimebonyeza NDIYO. Mtu kaniuliza kwa adabu, nimkatae kwa lipi?"

Hajamaliza, mlango ukafunguka kwa kishindo. Alizeti! Ndala hii nyekundu, ile bluu.

"Umekubali! Jibu limeingia kwenye simu yangu!"

"Nimekubali mimi," shangazi akasema. "Ila nakuonya, mwanangu, asubuhi sipiki."

Alizeti akamgeukia Futa, rangi imemshuka. "Si ulisema umefika?"

"Nilidanganya! Sijawahi hata kuvuka maji! Kila asubuhi chura ananianzia kitandani!"

"Unachezea wapi?"

"Namba nne."

"Na jioni unafanya nini namba nne?"

"Nafu..." Futa akajiziba mdomo.

"Mpenzi, safari yote ya chura inatunzwa mle mle kwenye brauza. Ukisafisha, umemfuta na yeye."

"Maskini! Kila jioni namzika kwa mikono yangu!"

Wakacheka mpaka wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Alizeti akapiga goti. "Basi nikuulize hapa hapa kwa mdomo."

"Thubutu! Inuka! Shangazi kafika, mimi nishindwe? Nakwenda mwenyewe."

Akaketi namba nne, ulimi nje, vidole mbio. Saa ya kufunga ikafika. Futa akasafisha mashine moja baada ya nyingine, na alipofika namba nne akasimama.

"Sheria ni sheria," shangazi akakohoa.

Futa akavua kitambaa chake cha kijani, akakifunga kwenye kioo cha namba nne, akapita bila kugusa kitu. Shangazi akaanza kutafuta miwani iliyokuwa puani kwake. Na Alizeti, pale mlangoni, akatabasamu hadi magego.

Njiani simu ya Futa ikaita: dada yake, ambaye shangazi keshamwambia yote.

"Enhee! Umemjibu nini?"

"Chura wangu kanata ukutani, dada, mlango uko juu ya kofia yake! Kesho nikiupita tu nakupigia, nakupa yote, hadi rangi ya mawe. Ila wewe kwa fundi cherehani nenda leo, ukapimwe gauni."